Wembe wa Jumamosi

Kikombe cha mume wangu Weldon nilikitenga siku ile ile, kabla hata hajamaliza kuongea kwa simu. Waliompigia ni wale watu waliokuja kanisani kwetu Mau Narok kukusanya damu ya kuwaongezea wagonjwa, na yeye akatoa. Walimwambia damu yake imepatikana na homa ya ini, ile wanaita ya C, kwa hivyo baada ya wiki tatu aende kliniki Nakuru apimwe tena, na aende na familia yake yote. Mimi niliposikia hiyo familia yote, nikajua ni ugonjwa wa malaya.

Mume wangu huendesha mashine ya kuvuna ngano. Msimu ukifika anaondoka, anazunguka mashamba ya watu wiki nne, tano, hajaonekana nyumbani. Nikamuuliza ni mwanamke gani. Akasema hakuna. Nikamwambia basi huo ugonjwa aliuokota kwa ngano, sivyo? Akakaa tu pale kwa kiti, simu mkononi, akasema, "Mama Cheruto, mimi sijui." Hiyo sijui yake ilinichoma kuliko angenidanganya.

Basi nikaweka sheria. Kikombe chake cha kijani, sahani yake, kijiko chake, karai lake. Taulo zake nikaziloweka kwa Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, mpaka zikachakaa. Kitandani nikamtoa, akawa analala kwa kochi na miguu imening'inia. Na Cheruto, msichana wetu wa miaka tisa, huyo mmoja tu ambaye Mungu alitupa baada ya kungoja sana, nikamkataza kukaa kwa magoti ya baba yake na kummalizia chai. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yao, baba anaacha chai kidogo, mtoto anamaliza.

"Baba ako na damu mbaya," nikamwambia.

Weldon alikuwa mlangoni, akasikia. Akageuka, akaenda kulisha ng'ombe.

Msinione mbaya. Nilikuwa na hofu, hofu ya kweli. Asubuhi namwamsha mtoto, nampeleka kwa dirisha nimwangalie macho, kama yamekuwa ya manjano. Nilikuwa nimeapa mume apone asipone, mtoto wangu hataguswa na kitu.

Wiki ya tatu tukashuka Nakuru. Nesi anaitwa Natasha, msichana mdogo, mpole, akatudunga vidole sote watatu. Tukingojea majibu, akaanza kutueleza, na kila alichosema kilikuwa kinabomoa sheria zangu moja moja. Kikombe hakiambukizi. Sahani wala kijiko, hapana. Kukumbatiana, kukohoa, kula pamoja, hapana. Na kitandani je? Nilimuuliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Akasema mke na mume ambao wako wawili tu, ni nadra sana mmoja kumwambukiza mwenzake hivyo, ingawa huwezi kusema haitokei kamwe, na hatari huongezeka penye damu. Ugonjwa huu ni wa damu kuingia kwa damu. Unaweza kukaa mwilini miaka ishirini kimya, mtu analima, anavuna, hajui. Sindano iliyotumika, vifaa vya kutoga masikio na kuchanja visivyochemshwa, kisu cha tohara.

Weldon akainua kichwa. Akasema kwa upole kwamba wao walikuwa vijana kumi na mmoja, na kisu kilikuwa kimoja.

Nesi akasema inawezekana, lakini hakuna mtu anayeweza kuapa ulitoka wapi. Mimi nikaangalia sakafu. Wiki tatu nilikuwa nimemwita mume wangu majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Hakuniangalia. Afadhali angenitukana.

Majibu yakatoka. Weldon anao, na ataanza vidonge, miezi mitatu, wengi hupona kabisa. Mimi sina. Cheruto hana.

Weldon akafunika uso na mikono yake mikubwa, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata alipomzika mamake. Alikuwa analia kwa sababu ya mtoto. Nesi akaanza kukusanya makaratasi, na kama mtu anayemalizia tu, akauliza kama nyumbani tunatumia wembe mmoja, au mswaki.

"Hapana, sista," Weldon akajibu, akipangusa macho. "Mama Cheruto alitenga kila kitu. Huyu mtoto amechungwa."

Alikuwa ananitetea. Baada ya hayo yote.

Na mimi nikakumbuka Jumamosi, wiki mbili zilizopita, kabla shule hazijafunguliwa. Vichwa vya nyumba yangu huwa nanyoa mwenyewe, Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, benchi nje, kwa jua, Weldon kwanza, halafu Cheruto, kwa sababu shuleni kwao wanataka wasichana nywele fupi kabisa. Siku hiyo nilimwaga maji ya Weldon mbali. Nikabadilisha karai. Nikabadilisha taulo. Nikanawa mikono na sabuni mara mbili, nikijiona mwerevu. Wembe sikuubadilisha, nikaupangusa tu kwa aproni, kwa sababu ulikuwa mpya na bado mkali. Weldon nilikuwa nimemkata nyuma ya sikio, nilikuwa namnyoa na hasira. Alipoenda kwa ng'ombe, nikamwita Cheruto. Akapiga chafya, nikamkata kisogoni. Nikabana na kidole mpaka damu ikakauka.

Hakuna aliyeona. Ningenyamaza, tungeenda nyumbani na karatasi safi, na mimi nibaki yule mama aliyemchunga mtoto. Nesi alikuwa ameshika mlango.

"Nilimnyoa nao," nikasema.

Nesi akarudi akaketi. Akaniuliza lini, nikamwambia. Akasema hicho kipimo cha kidole hakiwezi kuonyesha jambo la wiki mbili, ni mapema mno. Kuna kingine cha kutafuta virusi vyenyewe, atakifanya, na hata hivyo tutarudi tena na tena mpaka miezi sita iishe. Akafungua faili upya.

Weldon akauliza kitu kimoja. "Alikatika?"

"Alikatika."

Akamvua Cheruto kofia ya shule, akapapasa kisogo polepole mpaka akapata kovu. Kisha akamvisha kofia tena.

Tulipotoka tuliketi kwa benchi ya nje tungojee daftari la dawa. Weldon akanunua chai, akanywa, akaacha kidogo chini ya kikombe bila kufikiri, vile alivyozoea. Cheruto akanyoosha mkono, halafu akaurudisha haraka. Akaniangalia mimi, apate ruhusa.

"Kunywa," nikamwambia. "Kaa na baba. Baba hajakufanya kitu. Ni mama alikukata."

Akapanda kwa magoti ya baba yake, akamaliza chai. Kisha akaniuliza kama na mimi nina damu mbaya.

"Hapana," nikasema, na karatasi ilikuwa mkononi inasema hivyo hivyo. "Mimi sina."

Akafikiria kidogo. Halafu akauliza Jumamosi ni nani atamnyoa.