Mzee Abdu Akataza Kifo

Wiki sita nzima nilijifunza kufa. Nilikufa kitandani, nilikufa nyuma ya cherehani, nilikufa uani mpaka dada yangu Saidati akaniambia nikifa tena kabla ya kuchota maji atanizika kweli. Mchezo niliutunga mwenyewe, mimi Faradji fundi nguo, uchezwe mchana wa Idd ya mwaka 1956 hapa mtaani kwetu Gisenyi. Mfanyabiashara mbishi anajaza mtumbwi marobota kupita kiasi, anazama katika Ziwa Kivu, mkewe anabaki kulia. Ziwa nilikuwa nimeshalishona: shuka nne za kitambaa cha marekani nilizozichovya kwenye buluu ya kufulia. Na kuzama kwangu kulichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai ya moto. Nisiseme uongo, nilikuwa mzuri.

Siku tatu kabla ya Idd, baada ya futari, Mzee Abdu akaniita dukani kwake. Yeye ndiye aliyetoa uwanja, mikeka na pilau, kwa hiyo neno lake halikuwa ushauri. Babu yake alitoka Ujiji, na mzee alihakikisha hatusahau, maana alizungumza Kiswahili kilichopigwa pasi. Nilimkuta na Habiyaremye, dereva wa lori, aliyepewa sehemu ya mpiga kasia, na Muhamadi, ambaye angecheza mke wangu na alikuwa amenuna kwa sababu ya masharubu aliyotakiwa kunyoa.

"Kuzama kunaondolewa," akasema Mzee Abdu.

"Mzee, tukiondoa kuzama inabaki nini?"

"Inabaki adabu. Siku ya furaha, kuna wajawazito, kuna watoto, na Mukantwari atakaa mbele kabisa. Unataka kumzamishia mumewe mara ya pili?"

Hapo alinipata. Mukantwari alituuzia samaki kutoka Rubona na tulikuwa tumemwalika na wanawake wenzake kwenye sikukuu. Mumewe alikuwa mpiga kasia, akibeba mizigo ya Mzee Abdu. Mwaka uliopita mtumbwi wake ulionekana mbali na kwao, ukielea mtupu, na mwili haukupatikana. Mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake. Ukimya huo sisi tuliuita huruma.

Lakini hasira zangu zi karibu, na mchezo ulikuwa wangu. "Basi nigongwe na lori," nikasema.

Habiyaremye akaruka. "Lori ya nani? Hapa iko lori ngapi? Kesho yake nani atapanda yangu?"

"Basi niugue."

"Ukikohoa tu, watu ya mbele wanakimbia," akasema Muhamadi.

Nikataja sumu. Habiyaremye, aliyekuwa akinywa chai ya Mzee Abdu, akakiweka kikombe chini taratibu. Muhamadi akakisukuma chake mbali kidogo. Mzee aliona. Tulimwomba radhi nusu saa, na ikabidi tunywe mpaka chini, tena na kikombe cha pili.

"Atasafiri," akakata shauri. "Mke anauliza mume yuko wapi, anajibiwa amesafiri. Neno zuri. Mwenye akili ataelewa, na mtoto atalala usingizi wake."

Nilibisha mpaka sauti ikanikauka. Mtu anajifunza kufa wiki sita, halafu anaambiwa afe nyuma ya pazia akiwa amekalia ndoo!

Siku ya Idd uwanja ulijaa hadi njiani. Nikakalia ndoo yangu, ziwa langu limekunjwa mapajani, nachungulia kwenye tundu la pazia. Muhamadi alitoka amejifunga kitenge, juu ya mdomo pamechubuka kwa wembe, sahani iliyofunikwa mkononi, na watu wakaangua kicheko.

"Bwana yangu iko wapi?" akalia kwa sauti nyembamba.

"Alisafiri," akajibu Habiyaremye.

Maneno ya mchezo yaliishia hapo. Ila Muhamadi, mpenda makofi, akaongeza lake: "Wapi?"

Habiyaremye akatoa macho. "Bu... Bukavu!"

Uwanja ulicheka, nami nilicheka. Ndipo Mukantwari aliposimama.

"Mzee Abdu, ni vile vile uliniambia. Ulisema alisafiri. Mi nikakuuliza wapi, ukasema Bukavu."

Kicheko kikakatika.

"Mwaka muzima mi nauliza watu ya Bukavu. Hakuna mwenye alimuona. Sasa kwa soko wanasema alioa kule. Nilienda kwa padri, nikaomba misa. Akaniuliza, mutu iko Bukavu, misa ya nini? Bwana yangu hakukuwa mutoro. Mulimufanya mutoro."

Mzee Abdu alivua kofia. Nyumbani kwao, "amesafiri" ilikuwa njia ya kusema mtu amekufa bila kuumiza sikio. Mukantwari, mtu wa ziwani, alisikia safari tu, ile ya mtumbwi na mzigo. Alipouliza wapi, mzee aliogopa machozi yake, akataja mji wa kwanza uliomjia kinywani, kule mwisho wa ziwa.

"Nilidhani umeelewa, mwanangu," akasema. "Nilipojua hukuelewa, niliona haya kurudi kwako."

"Alikufa ao hakufa?"

"Alikufa. Alizama siku ile ile aliyoondoka. Nisamehe."

Mukantwari alikaza kitenge chake kiunoni. Kisha akageukia pazia. "Faradji! Saidati aliniambia mulificha kuzama sababu yangu. Toka. Mi nataka kuona."

Mimi niliyekuwa nikililia jukwaa, sasa nilitamani kubaki kwenye ndoo. Nilitoka. Muhamadi na Habiyaremye wakashika ziwa, huyu huku na yule kule, wakalitikisa. Nilikuwa na mistari kumi na miwili ya kumuaga mke wangu, na ukelele, na mikono ya kutapatapa. Sikuthubutu hata kimoja. Nilimtazama Muhamadi kama mtu anayemtazama mkewe, nikashuka polepole, wakanifunika.

Halafu nikasikia miguu ya Mukantwari, akakaa kwenye mkeka kando yangu, akalia kwa sauti kuu, akimwita mumewe kwa jina mbele ya watu wote. Wanawake wetu na wale wa Rubona wakaja kumzunguka.

Mzee Abdu alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Pole, mama. Umefiwa."

"Asante, baba. Nilifiwa," akajibu, na akalirudia lile neno, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Hakuna aliyekumbuka kuniambia niinuke. Chini ya ile shuka machozi na buluu vilinichuruzika usoni, nikabaki nimekufa mpaka mtu wa mwisho alipompa pole.