Alichoficha Luhende

Sajenti Marsela aliitwa kila palipokuwa na maelezo ya kuandika, maana hati yake ilisomeka bila taabu na hakuwa mtu wa kuruka maneno. Hiyo sifa ya pili wakubwa wake hawakuifikiria sana. Alhamisi ile asubuhi Inspekta Obadia alimpigia simu afike mara moja kwenye ofisi ya kikosi, nyumba ya njano isiyo na kibao, pembezoni mwa mji wa Mpanda.

Kwa wiki nzima palikuwa na habari kwamba watu kutoka nje wamepanga kulipua daraja la reli huko msituni, treni ya Ijumaa itakapokuwa juu yake. Habari zenyewe zilitoka kwa nani, kila mtu alimnyooshea kidole mwenzake. Kikosi hicho kililetwa haraka kutoka mbali. Doria ikakuta miti iliyochanjwa alama ya aina moja, mti baada ya mti, ikielekea kule kule mtoni lilipo daraja. Siku ya tatu wakamkamata mwanamume mmoja katikati ya miti hiyo, ana kamba ndefu, dumu na furushi la matambara yanayonuka moshi. Jina lake Luhende. Obadia alipoviona vile vitu mezani, alishukuru Mungu kwa kazi rahisi.

Lakini Luhende aliulizwa ameficha wapi, akanyamaza. Wakampiga nyayo. Siku ya pili akasema. Alitaja miti mitatu, mmoja mmoja, na njia ya kuufikia kila mmoja, huku analia kama mtu aliyefiwa. Alhamisi hiyo jua linachomoza, askari kumi na wawili wakauzingira mti wa kwanza, na mmoja wao, Konstebo Sixte, akapanda, akauona mzinga wa gome umefunikwa vizuri kwa majani, akauchokoza kwa mpini wa fagio. Yaliyofuata hayahitaji kuelezwa kwa mtu anayewajua nyuki. Walikimbia wakaacha redio na kofia, na Sixte alilazwa hospitali, macho hayaonekani. Ukicheka hapa huna kosa; Marsela mwenyewe alicheka alipohadithiwa mlangoni, kabla hajajua kilichokuwa ndani.

Obadia hakucheka. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi kama mchana: mtu huyu amewatega askari makusudi. Akamwagiza Marsela aandike kwamba mtuhumiwa amekiri kwa hiari yake, bila kulazimishwa, na akishamaliza awaachie, wamrudie mpaka aseme bomu lilipo hasa. Treni inaondoka kesho. Marsela akasema haandiki maelezo ya mtu ambaye hajamwona.

Alimkuta Luhende sakafuni, amefunikwa miguu kwa gunia. Alilifunua. Nyayo zilikuwa zimevimba na kupasuka kama mihogo iliyochemka kupita kiasi. Marsela alikuwa amefanya kazi ya upolisi miaka kumi na mbili na hakuwa mlaini, lakini hasira ilimpanda. Akapiga goti, akamsalimia kwa Kikonongo, lugha ya kwao, kama binti anavyomsalimia baba yake. Yule mtu akainua kichwa.

Hakumuuliza habari za bomu. Alimuuliza jambo moja tu: mizinga ile ni ya nani?

Luhende akaanza kulia upya. Alisema ni ya baba yake, na ya babu yake kabla ya hapo. Siku ya kwanza aliwaambia kwamba yeye ni mrina asali. Wakamuuliza, asali ipi, mizinga iko wapi? Hapo ndipo aliponyamaza.

"Walikuwa wananiuliza nimeficha wapi," alisema. "Binti yangu, mimi maisha yangu yote nimeficha kitu kimoja tu. Hata mke wangu hajui."

Marsela alikaa chini kabisa sakafuni. Yeye ni mtoto wa mrina asali wa Inyonga. Kwao baba humwonyesha mwana mmoja mizinga ya ukoo, mara moja, msituni, na mwana huyo hunyamaza mpaka naye awe na wa kumwonyesha. Yeye mwenyewe alipokuwa mdogo alimuuliza baba yake iko wapi, akaambiwa aulize lolote lingine duniani. Alama kwenye miti ni chapa ya ukoo. Miti inaelekea mtoni kwa sababu nyuki wanataka maji. Kamba ni ya kupandia, matambara ni ya moshi, na dumu kila mtu anajua linabeba nini. Bibi yeyote sokoni angewaeleza kikosi haya yote huku anapima mchele, lakini kikosi hakikuuliza sokoni.

Alirudi kwa Obadia akamwambia yote hayo wima, bila kupunguza. Obadia si mjinga, na hakuwa mtu anayefurahia kupiga. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema inawezekana, lakini inawezekana pia kuwa si hivyo, na yeye ana treni yenye watu mia tatu. Mtu mmoja akivimba miguu, na watu mia tatu wakifika Kaliua salama, nani atamlaumu?

"Afande, kiboko hakijui kumtenga anayejua na asiyejua," Marsela alisema. "Wote wanasema. Huyu mmempiga akawapa siri ya kweli kabisa, na haikuwa yenu."

"Na kama anajua?"

"Hata kama anajua. Kesho ungekuwa bado umesimama hapa, hujui lipi ameongea yeye na lipi yameongea maumivu."

Obadia alimuuliza kama angesema hayo hayo endapo mtu wake angekuwa ndani ya treni hiyo. Marsela akamjibu kwamba Glory, mtoto wa dada yake, anarudi shule kesho kwa treni hiyo hiyo, na tiketi anayo.

Baada ya hapo hakuomba ruhusa tena. Alijaza PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, akaandika kila jeraha na mahali lilipo, akaweka saini yake, na kuandika kwenye kitabu cha matukio saa aliyomtoa mtuhumiwa kwenda hospitali na jina la afisa aliyekuwa anamshikilia. Obadia aliutazama ule ukurasa muda mrefu. Kuuchana kulikuwa kosa lingine, na wote wawili walilijua. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, sasa yeye afanye nini na treni yake. Marsela akamwambia wale kumi na mmoja waliobaki, waliopelekwa kupigana na nyuki, watembee reli.

Wakatembea, na yeye akiwa nao. Alhamisi mchana kutwa walipita juu ya daraja na chini yake, wakakagua kila nguzo, hawakuona kitu, wakaacha walinzi pande zote mbili. Ijumaa Marsela alimpeleka Glory stesheni, akampandishia sanduku, akamkalisha dirishani. Tusidanganyane, aliogopa. Aliogopa mpaka mtoto alipopiga simu kutoka Kaliua kusema amefika, na ana njaa.

Obadia aliandika katika ripoti yake kwamba safari ilikuwa salama kutokana na mahojiano ya kina. Marsela aliisoma akaguna tu. Ya kwake ilikuwa imekwisha kwenda juu, na nakala ya PF3 ndani yake.

Wiki tatu baadaye Luhende aliachiwa bila shtaka. Alikuja ofisini kwa magongo, ikabidi asaini karatasi ya kwamba hana malalamiko. Obadia alikuwepo kama shahidi. Alimpa kiti, akasema pole, na alimaanisha. Marsela akamsomea karatasi ile. Luhende akatikisa kichwa, akasema malalamiko hana, miguu itapona, lakini kuna maneno anataka yaongezwe. Marsela akashika kalamu.

"Andika hivi," Luhende alisema. "Siku ya kwanza walitaka mizinga ya baba yangu, nikakataa. Siku ya pili nikawapa. Kama ingekuwepo siku ya tatu, na wangeniuliza kama nilimuua mama yangu, ningesema ndiyo, ningewatajia na saa. Mama yangu mzima, yuko nyumbani, ananisubiri."

Marsela aliandika yote, hakuruka neno. Kisha akamsogezea Obadia karatasi na kumwonyesha mahali pa shahidi kusaini.