Kipande Kilichobaki

Njia yetu ya milimani inaanzia jimbo la Jojia na kuishia Meini, mwendo wa miezi kwa miguu. Mimi na mzee wangu Hobart tumeila kidogo kidogo kila vuli, kama panya na gunia la mahindi, tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Yeye alishamaliza. Mimi nilibakiwa na kipande kimoja tu, hapahapa kwetu Tenesii, kwa sababu vuli ile binti yetu Corinna alijifungua mapacha, nikabaki kufua nepi wakati Hobart anapita na rafiki yake Clovis.

Na njia hii haina huruma. Usipozipita kwa miguu yako alama zote nyeupe zilizopakwa kwenye miti, hujamaliza, hata ulie machozi ya damu.

Sasa Hobart alikuwa anangojea kupasuliwa goti, na theluji ilikuwa mlangoni.

"Mama," akaniambia, "tukikosa Jumamosi hii tumekosa. Mwakani nani anajua?"

Tukafanya kama wafanyavyo watembea vipande wote: tukaenda na magari mawili, pikapu yake tukaiacha mwisho wa kipande, kisha tukarudi na kigari changu hadi mwanzo. Asubuhi hiyo majani yalikuwa yamevaa barafu, yakilia chini ya buti kama maganda ya mayai. Hobart alitangulia na fimbo zake mbili. Wenzetu wa njiani walimbandika jina la Kobe, na kwa goti lile hawakukosea.

"Kitendawili!" nikaita.

"Ushaanza. Haya, tega."

"Kavaa shati jeupe, kasimama msituni, hanikaribishi wala haniagi, lakini bila yeye napotea."

"Alama ya njia. Hicho hata mbwa wa Clovis anakijua."

Tulipofika kwenye kibanda cha wasafiri, katikati ya kipande, tukakaa kula. Mkate wa mahindi, siagi ya tufaha, na kahawa ya chupa ambayo mvuke wake ulikuwa mtamu kuliko yenyewe. Hapo nikamwona anajipapasa mfuko wa kifuani. Halafu wa suruali. Halafu kifuani tena.

"Unatafuta nini?"

"Nawashwa."

"Unawashwa mifukoni?"

"Sweta hili kafuma dada yako. Kamuulize yeye."

Nilikuwa nimeshajua. Ufunguo wa pikapu una uzi mwekundu, na asubuhi alikuwa ameutundika kwenye kioo cha kigari changu ili asiusahau. Bado ulikuwa unaning'inia palepale. Tungefika mwisho jioni, goti limevimba, gari limefungwa, barabara ile giza likiingia haipiti gari, na simu huko haishiki. Kurudi kulikuwa sawa na kuendelea, ila tukirudi, kipande changu kinabaki.

"Mzee," nikasema polepole, "goti likikuuma tugeuze. Mimi sina neno."

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Tugeuze tukafanye nini? Nilipita huku bila wewe. Kila nilipoona kitu kizuri niligeuka nikuonyeshe, nikamkuta Clovis anatema tumbaku. Leo nitakuonyesha mwenyewe. Nyanyuka, Mama."

Nikanyanyuka. Ila kahawa iliyobaki sikuimwaga. Niliifunga vizuri, na soksi zangu za akiba nikazishindilia juu ya mkoba, karibu na mkono. Nikamhimiza pia, tufike kabla magari ya jioni hayajapita yote.

Juu kwenye kilima kisicho na miti upepo ulitupiga makofi. Naye, machozi ya baridi yakimtiririka, alikuwa akisimama kila baada ya muda na kunyoosha fimbo. "Pale!" Jiwe lililolala kama ng'ombe mjamzito. "Na pale!" Bonde lote jekundu kwa majani ya vuli, na moshi wa nyumba moja. Nilitazama kila kitu kwa kituo, maana kilikuwa kimeningoja miaka mingi.

Alama ya mwisho ilikuwa kwenye nguzo kando ya barabara. Nikaiwekea kiganja. Ilikuwa baridi kama samaki. Nikalia kidogo, Hobart akanipangusa kwa lile sweta linalowasha.

Halafu tukasimama mbele ya pikapu. Yeye akatazama mawingu, mimi nikatazama buti zangu.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," akajibu kwa sauti ndogo.

"Mfupi, hana miguu, kavaa mkufu mwekundu. Leo kabaki nyuma, na mlango wangu haufunguki."

Akaziegemeza fimbo zake kwenye pikapu.

"Umejua tangu lini, Mama?"

"Tangu ulipowashwa."

"Na hukusema!"

"Wewe ulisema?"

Akaanza kucheka mpaka akaishikilia pikapu asianguke. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Damasko, ile ya huku njiani kwetu, na maduka yake yote ya aiskrimu."

Nilikuwa nimemvalisha soksi kavu na kummiminia kahawa ya mwisho aliposimama mwindaji mmoja, gari lake limejaa mbwa wa kuwindia dubu.

"Mbele pana kiti kimoja," akasema. "Mwingine akae na mbwa."

"Mpe mke wangu," Hobart akasema. "Leo kamaliza njia nzima."

"Nimemaliza naye," nikamjibu yule bwana, nikapanda nyuma, nikamvuta mzee wangu. Mbwa wakatubana pande zote, wana joto kama mikate. Mmoja akaegemeza kichwa kwenye lile goti bovu.

Mbele kidogo Hobart akaanza kujipapasa.

"Sasa unatafuta nini?"

"Nawashwa," akasema, na safari hii walikuwa viroboto kweli.