Ini la Abdurahmani

Jumatano asubuhi Jerome aliketi kwenye zahanati binafsi ya Nangurukuru, amekunja mkono wa shati, akisubiri kutolewa damu. Muuguzi Stella alikuwa akitafuta mshipa. Nje ya dirisha, Biasha wa Miteja aligeuza vitumbua vyake huku akiwafokea makondakta wa mabasi ya Lindi kwa kumtimulia vumbi. Ndipo sauti ikatoka tumboni mwa Jerome: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Abdurahmani," Biasha akaitika, akageuza kitumbua kingine.

Hakuna aliyeshangaa. Kijana alikuwa na adabu tangu utotoni, na ini lile lilikuwa lake.

Jerome alikuwa mmoja wa wanunuzi wa korosho waliomiminika biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, na bia ilimharibia ini. Akamchukua Abdurahmani, mpakiaji wake wa magunia, mpaka India. "Unakwenda kunitolea damu tu," alimwambia, na kijana akakubali, maana damu hurudi. Wakamkata ini, wakampandikizia Jerome. Kijana hakuamka, akazikwa hukohuko. Jerome alirudi na kovu tumboni, akatangaza kwamba kijana kauawa na malaria. Malaria! Mtu mzima hovyo!

Madaktari walikuwa wamemwonya kwamba damu ikiganda kwenye mshipa unaolisha ini, amekwisha. Ipimwe kila wiki. Stella aliitia kwenye kibomba cha kioo, akakiinamisha, akatazama. Biasha akiitika salamu, damu ilikuwa sawa. Akinyamaza, iliganda ndani ya sindano, Jerome ameze dawa asimeze.

Basi Biasha akajua amemshika pabaya. Alifurahi, wala hakuficha. Jumatano iliyofuata aliliacha ini lisalimu weee, yeye anasugua karai, mpaka Jerome akaanza kutweta. Ndipo akaitika, tena kwa shingo upande.

Jerome akatoka nje anayumba. "Mama Abdu, nitakujengea nyumba ya bati."

"Simama pale kituoni mchana kweupe, useme ulimdanganya mwanangu."

"Ilikuwa malaria, Mama Abdu."

"Haya. Tutaonana Jumatano."

Lakini usiku ulikuwa mrefu kwa Biasha. Akinyamaza moja kwa moja, Jerome anakufa, na kile kilichobaki cha mwanawe kinakufa pia. Alimchukia Jerome mpaka mate yakawa machungu, na bado alikuwa akimlinda. Jumatano akainama dirishani.

"Mwanangu, nisipoitika utakwisha na wewe."

"Nimechoka kuchuja bia yake, mama," ini likasema. "Nirudishe nyumbani. Shikamoo."

Jerome akamtazama Biasha. "Itika, mama. Nakuomba."

"Sema basi."

Jerome aliwatazama watu waliojaa kwenye benchi, wengine wakulima waliomuuzia korosho. "Malaria," akasema.

Ini likasalimu tena. Biasha akauma upindo wa kanga yake, machozi yakimtiririka, akanyamaza. Stella akaangalia kibomba, akakiweka chini. Ijumaa Jerome akafa.

Alizikwa kwa heshima zote, na kwaya juu. Mdogo wake Lukas alisoma wasifu, akasema marehemu alikuwa na huruma hata akampeleka kibarua wake India kutibiwa malaria. Watu wakapangusa machozi. Biasha alingoja waondoke wote, akaketi kando ya kaburi.

"Shikamoo, mama," udongo ukasema.

"Marahaba, baba. Umefika."

Tangu hapo huenda kaburini kila akimaliza kuuza vitumbua. Msalaba una jina la Jerome peke yake. Siku moja mjane wake, Devota, alimkuta pale na jembe.

"Ahsante, mama," Devota akasema. "Kumbe ulimpenda marehemu."

"Sana," Biasha akajibu.

Akaendelea kupalilia upande wa kulia, ini lilipo. Kushoto amepanda upupu.