Pasipoti Ndani ya Droo

Katika ukoo wetu hakuna anayezijua nchi za nje kama mimi. Naweza kukueleza mji wa kale wenye kuta nene kuliko urefu wa kitanda changu, ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu waliokufa zamani, na lango ambalo mtu mrefu hulipita ameinama. Ukweli ni kwamba mpaka wa nchi sijawahi kuuvuka hata kwa bahati mbaya. Nchi za nje zote ninazozijua zimeingia humu chumbani kwa njia ya simu, mimi nimekaa kitandani nimenyoosha goti linaloniuma. Lakini mji ule ulikaribia kunitia kaburini, kwa hiyo nina haki ya kuusimulia.

Mjukuu wangu tunamwita Sindano, kwa sababu anasomea kazi ya maabara, ile ya kuwatoa watu damu. Chuo chake kiko mji wa mpakani, mwendo wa siku nzima kutoka hapa nyumbani. Mwaka ule alikuwa ameanguka mtihani mmoja wa vitendo. Mkono ulimtetemeka, chupa ikamponyoka, damu ikamwagikia koti jeupe la msimamizi. Wakampa nafasi ya kurudia: Jumatatu, saa mbili asubuhi. Asiyefika amefeli, na aliyefeli mara mbili anafunga mizigo, ufadhili unakatwa, masomo yamekwisha. Miaka miwili ya kusoma ilikuwa imening'inia kwenye asubuhi hiyo moja.

Sasa wenzake wawili wakamwambia twende tukatembee, Jumamosi na Jumapili tu, ng'ambo ya mpaka kuna mji wa kale. Mmoja ni Twiga, msichana mrefu huyo mpaka mashuka ya bweni hayamtoshi. Mwingine tunamwita Mkalimani, maana anaijua lugha ya kule. Sindano akamwomba mama yake ruhusa. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa pekee na ni fundi cherehani, akajibu kwamba kuta zilizosimama miaka elfu haziwezi kushindwa kusimama wiki mbili zaidi, asome kwanza. Jibu zuri, sina neno. Basi mtoto akaniomba mimi. Nikamwambia nenda mwanangu, mkono usiopumzishwa ndio unaotetemeka. Na Ijumaa jioni nikamwarifu binti yangu kwamba Sindano amejifungia maktaba, simu amezima, asisumbuliwe mpaka Jumatatu. Akanishukuru kwa kumfuatilia mtoto. Nikapokea shukrani.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni simu yangu ikaita. Nilidhani nitasimuliwa mawe. Nikasikia mtu anapumua kama aliyekimbizwa.

Ilikuwa hivi. Pale langoni wanakodisha kidude cha kusikilizia, unakivaa shingoni, unabonyeza namba, sauti inakueleza ukuta huu ulijengwa na nani na akauawa na nani. Walichukua kimoja kwa watu watatu, Sindano ndiye msikilizaji, awasimulie wenzake. Karani wa pale akataka kitambulisho kibaki kwake mpaka kidude kirudi. Twiga na Mkalimani walikuwa wameacha vyao kwenye mabegi, kule nyumba ya wageni. Sindano alikuwa na viwili mfukoni: kadi ya chuo na pasipoti. Kadi ya chuo ndiyo inayomwingiza mtu chumba cha mtihani, na tangu apewe nafasi ya kurudia alikuwa analala nayo chini ya mto. Akaona hii siiachi mikononi mwa mtu hata kwa dakika moja. Akatoa pasipoti.

Nilimuuliza, mjukuu wangu, huko kwenye chumba cha mtihani ungefikaje bila pasipoti, kwa kuruka kama panzi? Akaanza kulia, nikajuta.

Walizunguka mpaka kiu ikawashika, Twiga akaona lango dogo la chini ambako watu walikuwa wanatoka, wakatokea huko. Wakanywa maji, wakapiga picha, wakacheka. Sindano alipoinama kunawa uso ndipo kidude kilipomgonga kidevu. Kukimbia kurudi lango kuu, pamefungwa kufuli. Mkalimani akasoma tangazo: Jumapili hakufunguliwi, ni siku ya mafundi kuzikarabati kuta. Basi la kurudi lilikuwa moja tu, Jumapili saa nne asubuhi. La pili ni Jumatatu jioni, na Jumatatu jioni ni sawa na mwakani.

Nikamwambia lala, asubuhi mtafute mwenye funguo, kila kufuli ina mtu wake. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Uhakika wenyewe sikuwa nao.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu walikuwa barabarani, mabegi yao mgongoni. Mtu wa kwanza aliyekuwa macho alikuwa mwoka mikate, mikono myeupe mpaka viwikoni. Akawaonyesha kwa kidevu uchochoro nyuma ya ukuta: nyumba ya tatu, mlango wa kijani. Mlango wa kijani ulikuwa kimya. Wakangoja. Jirani akawaambia mzee amekwenda kuwafungulia mafundi upande wa mashariki. Wakaenda mashariki, wakaambiwa amekwenda magharibi. Twiga akawa anatangulia kwa miguu yake ile, wenzake wanamfuata mbiombio. Walipompata ilikuwa karibu saa tatu, ameketi kwenye jiwe anakunywa chai, kishada cha funguo kiunoni kizito kama mtoto wa mwaka mmoja.

Mzee wa funguo akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana. Hakusema kwa ubaya. Alisema droo ya vitambulisho hufunguliwa siku ya kazi, mbele ya karani, na kwamba kila wiki kuna kijana mwenye haraka. Mtihani si sababu, hata mwanawe mwenyewe alikuwa na mitihani. Mkalimani akauliza, na sababu ni ipi basi? Mzee akanyanyua vidole viwili: ugonjwa, au kifo.

Hapo ndipo nilipofia. Sindano alimtazama mzee machoni akasema kwamba bibi yake amefariki alfajiri, anazikwa kesho.

Mzee akaweka kikombe chini. Akavua kofia. Akasimama, akawapeleka moja kwa moja ofisini, akafungua mlango, akafika mpaka kwenye droo na ufunguo tayari ameuchomeka. Halafu akasita. Akasema yeye mwenyewe alimzika mama yake mwaka huu, na hawezi kumwachia mfiwa aende hivihivi bila kumpa pole mkubwa wa familia. Apigiwe simu, wazungumze. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au ujanja wa mtu aliyewaona wanafunzi wengi. Nadhani vyote viwili, na ndiyo maana nilimheshimu.

Ukutani palikuwa na saa. Saa tatu na dakika ishirini na tano, na kituo cha basi ni mwendo wa robo saa.

Kumpigia mama yake hakuweza. Akanipigia mimi.

Nilikuwa kitandani najichua goti. Kati ya chumba changu na chumba cha cherehani cha binti yangu kuna ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi. Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda kasi, ana nguo za wateja za kumaliza. Nikapokea, na kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya Sindano, nzito, ya adabu:

"Mama mkubwa, shikamoo. Pole kwa msiba wa bibi. Nipo na mzee mwenye droo ya pasipoti, anataka kukupa pole."

Ndugu yangu, mimi nina binti mmoja. Mama mkubwa hayupo na hajawahi kuwepo. Na bibi wa mtoto huyu aliye hai ni mmoja tu, yule aliyekuwa ameshika simu. Nilihesabu haya yote kwa muda wa kumeza mate. Nikajua kwamba nimekufa, na kwamba mimi ni binti yangu mkubwa.

"Marahaba mwanangu," nikasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo hivyo, mama ametutoka."

Sauti ya mzee ikasema maneno marefu, ya taratibu. Mkalimani akafasiri: anasema pole sana, anasema hakusikia vizuri, uzungumze kwa nguvu kidogo, marehemu alikuwa mtu wa namna gani?

Kwa nguvu kidogo. Upande wa pili wa mbao cherehani ilikuwa bado inakimbia. Ningeweza kukata simu, nikabaki mzima na binti yangu asijue lolote. Lakini nilikuwa nauona ule ufunguo kwenye droo kama vile uko hapa juu ya blanketi. Nikapiga moyo konde, nikapaza sauti.

Nikasema mama yetu alikuwa mwanamke wa kipekee. Mcheshi. Mkarimu. Sura yake mpaka uzeeni ilikuwa inageuza watu shingo. Mkalimani akafasiri, nikasikia Twiga anakohoa kikohozi cha uongo. Nikaongeza kwamba alifariki akimtaja mjukuu wake, na kwamba hatuwezi kumzika bila mtoto huyo kuwepo. Na hapo, sijui ilitoka wapi, nikaanza kulia kwelikweli. Ukisikia sifa zako zinasemwa vizuri namna ile, hata kama unazisema mwenyewe, uchungu unakushika. Nilijililia mpaka kamasi.

Cherehani ikanyamaza.

Nilisikia ule ukimya ukiingia chumbani kama maji chini ya mlango. Mzee akauliza tena: marehemu alikuwa na umri gani, na aliugua nini? Nikautaja umri wangu nikipunguza miaka mitano, mtu hata akifa ana haki yake. Nikasema moyo. Kwa sauti kubwa, kila neno, kwa sababu ufunguo ulikuwa haujazunguka bado.

Kisha nikasikia chuma kikigusa chuma, droo ikakwaruza. Mzee akasema jambo fupi, Mkalimani hakulifasiri, na simu ikakatika.

Nikakaa nimeishika simu kwa mikono miwili. Saa tatu na dakika arobaini. Hamsini. Upande wa pili hakuna mkasi, hakuna cherehani, hata kiti hakilii. Saa nne ikapita. Saa nne na dakika tatu ujumbe ukaingia: "Tumo ndani ya basi. Dereva alikuwa ameshawasha gari, Twiga akasimama mbele yake. Pasipoti ninayo. Nisamehe bibi kwa kukuua."

Nilikuwa namjibu kwamba nimeshafufuka, aendelee kusoma njiani, mlango ulipofunguliwa. Binti yangu alikuwa amesimama, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu zimebanwa kwenye midomo. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake, bila haraka yoyote.

Nikajifuta macho, nikamwambia kuna rafiki yangu wa zamani kapatwa na msiba, nilikuwa namfariji.

"Nimesikia," akasema. "Mcheshi, mkarimu, sura inageuza watu shingo." Akaja akaketi pembeni ya kitanda changu. "Sasa mama, kabla sijakuuliza Sindano yuko maktaba ya nchi gani, niambie kwanza. Mama yangu amekufa kwa moyo, na mimi niliye naye nyumba moja nimenyimwa habari kwa nini?"