Barua za Dresa Edward

Rebeka aliposikia kuna binti wa chuo kikuu amefika kituo cha afya cha Ng'wandulu kukusanya barua za zamani za utafiti wa homa ya manjano, alioga, akavaa kitenge chake cha Pasaka, akaondoka kwa miguu. Miaka sabini na saba si mchezo, na kutoka kwake mpaka kituoni ni mwendo wa saa nzima, lakini mtu aliyeitwa mtoto wa mtoro tangu hajaota meno ya pili hasubiri bodaboda.

Rafiki yake Serafina alikuwa amemkataza. "Mama Davis, yale makaratasi ya wazungu yatakusaidia nini?" alimwambia jana yake, wakichambua choroko. "Mchwa wameyamaliza. Pumzika." Na Serafina alikuwa mtu wa kusikilizwa kwa hilo, maana alitunza masjala ya kituo kile kwa miaka thelathini na moja mpaka alipostaafu. Rebeka akacheka tu.

"Mama Rhoda, mchwa wakibakisha hata jina lake, nitalichukua hilo hilo."

Sasa ujue kisa chenyewe. Mwaka 1951 palikuwa na kambi pale Ng'wandulu, watu wakaiita kambi ya mbu. Daktari mmoja wa Kizungu alitaka kujua kama homa ya manjano imeshafika upande huu wa nchi. Akaajiri vijana wa kukaa porini miguu wazi. Mbu akitua, wamfunike kwa kichupa kabla hajauma. Kazi ya ajabu, kama unaniuliza mimi, lakini ilikuwa na mshahara. Bujiku, baba yake Rebeka, alikuwa mmoja wa vijana hao. Wiki moja hakurudi nyumbani. Edward, dresa wa kambi, yule wa kufunga vidonda na kugawa dawa, akaja mwenyewe mlangoni akamwambia Paskazia, mama yake Rebeka, kwamba mumewe ametoroka kazi, ameelekea Kongo, na inasemekana hakwenda peke yake.

Paskazia alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Wazee wakakaa, wakaamua: mume yu hai, ng'ombe wa mahari wamo zizini kwa baba yake, ataolewaje na mwingine? Mjane huwekewa matanga, hunyolewa, huachiwa aanze upya. Paskazia hakupewa hata hilo. Alikaa miaka arobaini na miwili akiwa mke wa mtu asiyeonekana, na kila ugomvi wa kisimani uliishia pale pale: "Ndiyo maana mumeo alikukimbia!"

Huyo dresa Edward ndiye baba yake Serafina. Nalisema mapema usije ukadai nimekuficha. Rebeka hakuwahi kumchukia mzee yule, kwa sababu mleta habari hana kosa. Yeye na Serafina walikua pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakazikiana watu wao.

Binti wa chuo aliitwa Violeth. Alikuwa ametandaza majalada kwenye meza ya chumba cha chanjo, anayapiga picha karatasi moja moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Namtafuta baba yangu. Anaitwa Bujiku, alikuwa mkamata mbu."

Violeth akaacha kupiga picha. Akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja. "Kaa kwanza, bibi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Akaeleza kwamba barua za Daktari ni za Kiingereza, nyingi ni idadi ya mbu tu, lakini dresa wake alikuwa akimwandikia kwa Kiswahili, na kuna moja ambayo afadhali bibi aisikie kuliko kusimuliwa. Akaisoma polepole.

"Kwa Bwana Daktari. Salaam sana. Naarifu ya kuwa yule Bujiku, mkamata mbu, alishikwa na homa siku ya Jumapili, na jana alfajiri amekufa. Ini lake nimelikata kipande kwa kile chombo kama ulivyonifundisha, nimelitia katika chupa ya dawa, nalileta kwa mchukuzi huyu. Tumemzika mimi na mpishi, nyuma ya jabali, pasipo watu. Wenyeji wakijua maiti imekatwa hapana mmoja atakayebaki kambini. Kwa hiyo nimesema ametoroka. Mke wake ameamini. Ni mimi mtumishi wako, Edward, Dresa."

Daktari alikuwa ameirudisha barua ile kambini, jibu lake limebanwa nyuma yake. Violeth akalitafsiri: ini limepimwa, si homa ya manjano, yaelekea ni malaria ya kawaida. Endeleeni na kazi.

Rebeka, hutaamini, akapiga makofi. "Hakutoroka!" akasema. "Jamani, baba yangu hakutoroka! Kafa na malaria kama watu wengine wote!" Akacheka machozi yakimtoka, akamshika binti wa watu mabega akamtikisa. Uchungu wa ini ungekuja baadaye, na ulikuja, lakini kwanza ilikuja furaha, tena furaha ya kweli. Alikuwa na baba kama mtu yeyote.

Violeth, maskini, akataka kuongeza neno zuri. "Tumshukuru pia mtunza masjala wa hapa, bibi. Kwingine nimekuta majalada kama haya yameshawashiwa moto. Huyu alikuwa makini, kila alipofungua jalada alijaza fomu ndani yake. Tazama."

Rebeka akatazama. *Limesomwa lote. Limehifadhiwa. S. E., 14 Juni 1988.* Mwandiko ule aliujua kuliko wa mtoto wake. Ndio ulioandika orodha za michango ya misiba yake yote, na barua za kumwombea Davis nafasi ya shule.

Furaha ikakatika. Mama yake alikufa mwaka 1993. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

"Bibi, hilo jabali lipo bado? Naweza kukusindikiza tukaone kaburi," Violeth akasema.

"Halipo," Rebeka akajibu. Wachimbaji walifika kutoka Geita mwaka 2011, wakanusa dhahabu, wakalipasua vipande. Siku hizi pale pana maduara, yale mashimo ya dhahabu, zaidi ya ishirini, watu wanashuka kwa kamba, na makarasha yanasaga mawe kutwa. "Mwaka huo wa 1988 lilikuwepo. Nilikuwa nakwenda kuokota kuni pale."

Hakupita nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Serafina, akamkuta barazani anapepeta mchele. Hakubisha hodi.

"Kumbe ulisoma."

Ungo ukatulia. Serafina hakuuliza alisoma nini. "Nani kakwambia?"

"Sahihi yako. Hata uongo unaujazia fomu, Mama Rhoda! Si ungelichoma tu hilo jalada?"

"Jalada la serikali halichomwi."

"Loo! Jalada halichomwi, ila mimi nichomwe."

Serafina akaweka ungo chini. "Mama Davis, nisikilize. Miaka ile unaikumbuka. Vikongwe walikuwa wanaitwa wachawi, wanakatwa mapanga kwa kuwa na macho mekundu tu. Baba yangu alikuwa mzee, anaishi peke yake, nyumba ya nyasi. Ikijulikana alitoa ini la mtu akamzika kwa siri, angepona? Niambie, angepona?"

Rebeka alifikiri, kwa sababu yeye si mtu wa kubisha mradi kubisha. Aliikumbuka miaka ile. "Asingepona," akasema.

"Basi ndiyo hivyo."

"Sio ndiyo hivyo. Baba yako alifariki mwaka 1991, kwa maradhi yake, kitandani kwake. Nililala kwenye matanga yake siku nne, napika. Baada ya hapo ulikuwa unamlinda nani?"

Serafina akatazama mchele.

"Na mwaka 1993," Rebeka akaendelea. Jambo lilikuwa limemjia njiani na hakutaka liwe kweli. "Mama amelazwa Shinyanga mjini. Mimi nimetoka kutafuta watu wa kumchangia damu. Wewe ulibaki naye. Niliporudi alikuwa amegeukia ukutani, na hakusema tena mpaka alipokata roho. Mlizungumza nini?"

"Acha, Mama Davis."

"Mlizungumza nini?"

Serafina alianza kulia. Alilia kwa kwikwi, kilemba kikamteleza, na Rebeka hakunyoosha mkono kukirudisha. "Aliniuliza kama huko masjala hakuna karatasi yoyote ya mumewe. Aliniuliza mara mbili."

"Ukasema?"

"Nikasema hakuna."

"Akasemaje mama yangu?"

"Akasema, basi ni kweli alinichoka."

Kwa miaka thelathini na zaidi tangu siku ile, Rebeka alikuwa amekula na mwanamke huyu, wamelia pamoja, wamesengenya nusu ya kijiji pamoja. Alitamani kumpiga. Alitamani pia mtu wa kumweleza jambo hili, na mtu wa kumweleza mambo alikuwa ni huyu huyu.

"Ungemwambia yeye peke yake," akasema. "Mimi ungeniacha na ujinga wangu, ningezoea. Yeye ungemnong'oneza sikioni. Alikuwa anakufa, Serafina. Angemwambia nani?"

Jumamosi iliyofuata Rebeka akaweka matanga. Shemeji zake walinung'unika: matanga gani ya mtu wa mwaka hamsini na moja, hana maiti, hana kaburi? Akawaambia asiyetaka abaki kwake. Davis akafika kutoka Isaka na magunia mawili ya mchele, Violeth akaja na nakala ya barua, ikasomwa mbele ya watu wote, na mabinti wa ukoo wakanyolewa kwa ajili ya Bujiku. Vizee waliokuwa wakimcheka Paskazia kisimani wengi walikuwa wameshakufa. Wawili waliobaki walikuja, wakakaa nyuma, wakainamisha vichwa.

Saa nne Serafina akaingia na mzigo wa kuni kichwani, kama alivyofanya kwenye misiba yote ya nyumba ile. Watu wakageuka kumtazama binti wa dresa. Msiba haufukuzi mtu, hilo kila mmoja analijua, kwa hiyo hakuna aliyemzuia. Akatua kuni jikoni, akaja mpaka kwenye mkeka wa wafiwa, mahali pake pa siku zote, akapiga magoti.

"Pole, Mama Davis."

"Asante kwa kuja," Rebeka akamjibu, kwa adabu zote. Kisha akanyoosha mkono kuelekea uwanjani. "Wageni wanakaa kule, chini ya turubai."