Murdo wa Ukurasa wa 112

Saa nane na dakika kumi mchana, Alhamisi, nilikata utepe wa boksi la kwanza katika ukumbi wa kijiji cha Tolmar, kisiwani Lewis, Scotland. Vitabu vilikuwa mia mbili, na uzinduzi ulipangwa kuanza saa tisa.

Mimi ndiye mhariri. Kitabu kiliandikwa na Mwalimu Torquil Nicolson, mstaafu, kuhusu wakulima wa Tolmar waliovamia shamba la mwenye ardhi mwaka 1888. Watano walifungwa Edinburgh. Mmoja alifia gerezani. Aliyewataja kwa hakimu alikuwa jirani yao, Murdo Macaulay. Jina hilo halikuwa limewahi kuchapishwa.

Mjukuu wa Murdo, Bibi Kirsty-Ann, ana miaka themanini na sita. Mwalimu alipomweleza alichokipata kwenye nyaraka, baada ya wiki moja alituazima picha na karatasi zote za familia. "Kama ni kweli, andikeni," alisema. Tangu siku hiyo hakuonekana tena kanisani.

Nilifungua nakala moja kukagua uchapaji. Ukurasa wa 112 una maelezo yaliyotolewa kwa hakimu, na chini yake sahihi ya Murdo Macaulay, mwandiko wa mtu aliyezoea kalamu. Ukurasa wa 118 una cheti cha ndoa cha babu yake Kirsty-Ann, cha mwaka 1894. Mahali pa sahihi pana alama ya msalaba, na karani ameandika pembeni: hajui kuandika.

"Mwalimu, njoo uone."

Alitazama kurasa zote mbili, kisha akatafuta kiti.

"Walikuwa wawili," alisema. "Baba zao ni ndugu. Kila mmoja alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu, kama desturi."

"Wote Murdo Macaulay?"

"Na walizaliwa mwaka mmoja, kijiji kimoja. Watu waliwaita Murdo Mwekundu na Murdo wa Kisimani, lakini serikali haikuandika majina ya kijijini. Bibi ni wa Mwekundu. Yule wa Kisimani nilidhani alishahamia Kanada kabla ya 1888."

"Ulidhani au ulihakiki?"

Alifunga kitabu.

"Aliacha watoto?"

Alielekeza kidevu jikoni. "Mzao wake yule." Kenny, mtunza ukumbi, alikuwa akipanga vikombe. "Mwalimu!" alipaza sauti. "Arobaini vitatosha? Leo hata wasiosoma gazeti wanakuja kumwona mjukuu wa msaliti!" Akacheka mwenyewe.

Sheria ya Scotland haikunitisha: marehemu hashitaki kwa kuchafuliwa jina, wala mrithi hashitaki kwa niaba yake. Nilichoogopa ni vile vikombe arobaini. Kumsafisha Murdo mmoja mbele ya watakaovinywea kulikuwa sawa na kumnyooshea mwingine kidole.

"Tuuze leo," Mwalimu alinong'ona. "Wiki ijayo tubandike karatasi ya masahihisho."

"Na Bibi akae hapa leo kama mzao wa msaliti?"

"Dada, utawasha moto ambao hutauzima."

Saa nane na dakika arobaini Bibi Kirsty-Ann aliingia na kuketi karibu na mlango. Ukumbi ulipojaa, viti vitatu kila upande wake vilibaki vitupu. Hakuna aliyemsalimia isipokuwa Kenny.

"Chai, Bibi. Kunywa tu, siku hizi hatufungi mtu."

Watu walicheka. Bibi alipokea kikombe kwa mikono miwili.

Saa tisa nilisimama. Nilisema kitabu hakitauzwa. Nilisoma ukurasa wa 112, kisha wa 118. Nilisema babu yake Bibi Kirsty-Ann hakujua kuandika, na aliyewataja wale watano alijua. "Kosa ni letu, si la familia hii."

"Basi ni Murdo yupi?" Kenny aliuliza kutoka mlango wa jikoni, birika mkononi.

"Hatujahakiki," nilisema. Ilikuwa kweli. Lakini watu wa Tolmar wanazijua nasaba zao kama sala. Niliona vichwa vya mstari wa mbele vikigeuka kuelekea jikoni, kisha vya nyuma yao.

"Jamani, mbona mnanitazama?"

Bibi Kirsty-Ann aliweka kikombe chini. "Kenny, mwanangu, Murdo wenu wa Kisimani alijua kuandika?"

"Kuandika? Ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua kijiji ki..."

Kwenye safu ya pili mwanamke aliyekuwa amekaa karibu na mke wa Kenny alisogeza kiti chake pembeni.

Saa tisa na dakika tisa Kenny aliweka birika sakafuni, akatoka kwa mlango wa nyuma kuelekea miamba ya baharini, bila koti, mvua ikinyesha. Saa kumi na moja, nilipofunga ukumbi, Kenny hakuwa amerudi; gari lake lilikuwa bado uani.